Waliosimama Kwenye Kituo cha Kwanza cha Boston Red Sox

Tarehe 2 Mei 2025, katika uwanja wa Fenway Park mjini Boston, Triston Casas, mlinzi wa kituo cha kwanza wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox, aliupiga mpira ukabingirika polepole kandokando ya mstari, akaanza kukikimbilia kituo cha kwanza, na kabla hajakifikia akaanguka. Kano ya goti lake la kushoto ilikuwa imekatika. Walimtoa kwa machela, na msimu wake ukaishia hapo. Nilikuwa nikitazama nyumbani, na baada ya kumwonea kijana yule huruma nilijiuliza swali ambalo sisi mashabiki wa Red Sox tumelizoea kwa zaidi ya miaka kumi: sasa nani atasimama pale?

Kwa asiyeifuata besiboli, mlinzi wa kituo cha kwanza ndiye anayepokea sehemu kubwa ya mirusho ya walinzi wenzake, na mpira ukimfikia kabla ya mpigaji kumaliza mbio zake za mita 27 na ushei, mpigaji huyo anatolewa. Mguu mmoja lazima ubaki umegusa kituo huku mwili ukinyooka kuufuata mrusho uliokwenda upande, au glavu ikishuka kuuzoa mpira unaodunda mavumbini. Kwa kuwa hapa hapahitaji mbio nyingi wala mkono wa kurusha mbali, vilabu hupenda kumweka mtu yeyote anayepiga vizuri aliyekosa nafasi kwingine. Mimi naamini mazoea hayo yameigharimu Boston zaidi kuliko inavyokiri.

Mwaka 2011 hatukuwa na shida hiyo, kwani tulikuwa na Adrián González, fundi halisi wa kituo kile, mwenye mkataba wa miaka saba wa dola milioni 154. Agosti 2012 klabu ilimpeleka Los Angeles Dodgers pamoja na wenzake watatu ili kuupunguza mzigo wa mishahara, na James Loney akaja kumalizia msimu. Kisha akafuata Mike Napoli. Huyu alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na alikuwa amekubaliana na klabu miaka mitatu kwa dola milioni 39, lakini uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba mifupa ya nyonga zake ilikuwa ikidhoofika kwa kukosa damu, na mkataba ukashuka hadi mwaka mmoja na dola milioni 5. Napoli alikubali, akajifunza kazi mpya akiwa chini ya kocha Brian Butterfield, akawa mlinzi hodari ambaye wengi hawakumtarajia, akapiga mipigo 23 ya kuvuka uzio, na Oktoba 2013 Red Sox wakatwaa ubingwa ndani ya Fenway Park kwa mara ya kwanza tangu 1918.

Nadhani mafanikio yale yaliwapotosha viongozi. Walichokiona ni kwamba mtu anaweza kuhamishwa akafaa. Hawakuzingatia kiasi cha kazi aliyoifanya, wala kwamba aliiendea kwa hiari. Napoli alipoondoka Agosti 2015 wakamleta kituoni Hanley Ramírez, aliyekuwa ameshindwa kulinda upande wa kushoto, naye mwaka 2016 alipiga vizuri mno, mipigo 30 ya kuvuka uzio, ingawa alipokuwa akilinda sikuweza kutulia kitini.

Mwaka 2018 ndio ninaoukumbuka kwa furaha kuliko yote. Mitch Moreland, anayepiga kwa kushoto, na Steve Pearce, anayepiga kwa kulia, aliyeletwa kutoka Toronto mwezi Juni, waligawana kituo kimoja bila manung'uniko tuliyoyasikia. Katika mechi ya nne ya fainali dhidi ya Dodgers tulikuwa nyuma kwa 4 kwa 0 hadi awamu ya saba, Moreland alipotoka benchi na kuuvusha mpira uzio, watatu wakarudi kwenye kituo cha nyumbani, yaani pointi tatu. Awamu ya nane Pearce akasawazisha kwa mpigo wa namna hiyo hiyo, na ya tisa akawarudisha wengine watatu. Tulishinda 9 kwa 6. Kesho yake Pearce alivusha uzio mara mbili, ubingwa ukawa wetu, naye akateuliwa mchezaji bora wa fainali.

Tarehe 30 Agosti 2020 Moreland alipelekwa San Diego, na siku hiyo hiyo Bobby Dalbec, aliyelelewa kama mlinzi wa kituo cha tatu, akacheza mechi yake ya kwanza. Baadaye tulimwona Kyle Schwarber, ambaye hakuwa amewahi kulinda pale katika ligi kuu, kisha Franchy Cordero, kisha Eric Hosmer. Casas alipofika Septemba 2022 tulipumua, kwa sababu huyu alikuwa ameandaliwa na klabu yenyewe kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 alipiga mipigo 24 ya kuvuka uzio; mwaka 2024 jeraha la mbavu likamweka nje kwa miezi kadhaa; kisha likaja goti.

Baada ya goti hilo viongozi walimgeukia Rafael Devers. Miezi michache kabla, klabu ilikuwa imemchukua Alex Bregman na kumwondoa Devers kwenye kituo cha tatu, ikamtaka awe mpigaji tu asiyelinda. Sasa ikamwomba avae glavu tena na kusimama mahali asipopajua. Alikataa, akalisema jambo hilo hadharani, na tarehe 15 Juni akauzwa San Francisco. Sikupendezwa na kukataa kwake, kwa kuwa timu ilikuwa na shida ya kweli, lakini namtetea katika hili: mtu aliyeambiwa aiweke glavu kando hawezi kupewa ufundi mpya katikati ya msimu kana kwamba anakabidhiwa ufunguo wa ghala.

Boston iliumaliza mwaka ikiwa imewazungusha kituoni Romy Gonzalez, Abraham Toro na, kuanzia Agosti, Nathaniel Lowe. Devers naye, akiwa na jezi ya San Francisco, alianza kulinda kituo cha kwanza mwezi Julai, baada ya wiki kadhaa za kukifanyia mazoezi.