Simbilisi wa nje na kipupwe cha Njombe

Juni imeingia, na sisi wa Njombe tunaijua, asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama mvuta sigara, na kule juu Kitulo upande wa Makete majani yanaamka meupe kwa sakitu. Msimu huu ukifika simu zinaanza, dada simbilisi wangu wanakufa nifanyeje, na wengi wanaopiga ni watu waliowatoa hawa wanyama wadogo, guinea pig kwa Kiingereza, jikoni wakawajengea banda nje. Kuwatoa mimi naunga mkono kabisa, mikojo yao karibu na chungu cha ugali siyo kitu kizuri na moshi wa kuni unawaumiza hata wao, ila ukimtoa simbilisi jikoni lazima ujue kule jikoni alikuwa anapata nini.

Alikuwa anapata sakafu kavu, ukuta usiopitisha upepo, na joto la mafiga linalobaki mpaka usiku wa manane. Hata Peru kwenye milima ya Andes, ambako ndo asili yao, watu wa vijijini wamewafuga jikoni vizazi na vizazi. Mnyama mwenyewe anajisikia vizuri kwenye nyuzi joto 18 mpaka 24 hivi, na usiku wa Julai huku tunashuka chini ya 10, sasa fikiria hiyo tofauti. Lakini nisikilizeni hapa, simbilisi mzima, aliyeshiba, mwenye wenzake, baridi kavu anaivumilia kiasi, kinachomwangusha haraka ni kulowa na upepo. Manyoya yakishalowa hayashiki joto tena, na upepo ukipita chini ya tumbo usiku kucha kesho yake unakuta makamasi.

Kwahiyo banda lisikae chini kwenye udongo, lipe miguu, urefu wa goti au zaidi, sakafu ya mbao. Mabanzi, yale mapande ya kando ya gogo yanayobaki likipasuliwa, huku kwetu yapo tele kwenye viwanda vya mbao, ila banzi na banzi huwa zinaachana zikikauka na mwanga unaouona katikati ndo njia ya upepo, piga banzi lingine juu ya ufa au kandika udongo. Mlango na sehemu ya wavu elekeza kaskazini. Watu wengi hawalifikirii hili, upepo wa msimu huu unatoka kusini mashariki, na kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini, kwahiyo mlango ukitazama kaskazini umeukwepa upepo na jua linaingia mpaka ndani, mambo mawili kwa mpigo. Turubai au magunia shusha usiku, asubuhi pandisha. Na usizibe kila kitu jamani, acha uwazi juu karibu na paa maana mkojo wao unatoa harufu kali inayochoma mapafu, banda lililozibwa kabisa linaua kama lile lenye upepo.

Ndani ya banda weka kisanduku cha kulala, kidogo, dari yake chini, tundu moja la kupita. Kikiwa kikubwa hawawezi kukipasha kwa miili yao. Jaza nyasi kavu mpaka wao wenyewe watoboe njia. Asubuhi kabla ya kuwalisha ingiza mkono, usiishie juu ambako pamekauka siku zote, peleka mpaka vidole viguse ubao, ukisikia uvuguvugu na ukavu hapo sawa, ukisikia ubaridi unaonata au harufu ikakupanda puani toa zote weka mpya siku hiyohiyo. Maranda ya paini mabichi, yale yanayonukia utomvu, mimi siyapendi kwa hawa wanyama, ile harufu inawasumbua kifua.

Usiku ule mbaya kabisa chemsha maji, tia kwenye dumu la lita 5, lifunge gunia, liegemeze kwenye kisanduku kwa nje ili wasilitafune. Ila jiko la mkaa usiingize bandani hata kwa dakika chache, ile hewa inaua watu sembuse simbilisi. Na usimwache mmoja peke yake, wanapashana joto kwa kulaliana, madume tu ndo uwaangalie wasipigane.

Chakula ndo kuni zao. Nyasi kavu ziwepo usiku kucha, zikichacha tumboni zinatoa joto. Majani mabichi yenye umande usiwape yalivyo, yaanike kwanza yanyauke kidogo la sivyo matumbo yanajaa gesi. Lakini mabichi lazima wapate kila siku, hawa hawatengenezi vitamini C mwilini kama sisi tu, na kiangazi mboga zinakuwa shida, hapo ndo vinyungu, vile vibustani vya bondeni penye unyevu, vinaokoa, figiri, chainizi, majani ya viazi vitamu. Majani ya viazi mviringo hapana, ni sumu. Majani na maganda ya parachichi hapana pia, na hili nalisema kwa nguvu maana siku hizi parachichi imejaa kila shamba Njombe na watoto wanachuma chochote kilicho karibu.

Mwenye mimba mwekee nyasi za ziada. Watoto wanazaliwa na manyoya yao na macho wazi, wanaonekana wakubwa kumbe wakidondokea kwenye ulowevu usiku hawafiki asubuhi.

Ukimwona amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, anapumua kwa sauti, muhamishe ndani hapohapo na uite mtaalamu wa mifugo, usingoje kesho, asipokula siku nzima matumbo yanasimama. Na tafadhali usimpe amoksilini iliyobaki kwenye kabati la dawa, wala sindano ya penisilini, hizo zinaua bakteria wazuri wa tumboni mwake na anakufa kwa dawa wakati homa yenyewe pengine ingepona. Mtaalamu naye mkumbushe kwamba huyu ni simbilisi, maana wengi wamezoea ng'ombe na kuku.