Jabali la Tumbaku: Kutoka Plovdiv Hadi Dzhebel

Nimekulia Urambo, Tabora, hatua chache kutoka kwenye bani la baba, banda la kukaushia tumbaku, kwa hiyo tumbaku naitambua kwa pua kabla ya macho. Niliposhuka kwenye treni ya Sofia pale Plovdiv, Bulgaria, nilivuta hewa nikitafuta harufu ile. Wapi! Maghala yapo karibu na stesheni, majengo marefu ya zamani yenye madirisha kwa safu, lakini hayanuki kitu. Mengine yamegeuzwa migahawa. Mengine yaliungua Agosti 2016.

Mwenyeji wangu alikuwa mjomba wa rafiki yangu, mzee wa miaka themanini na ushei. Zama za Ukomunisti alikuwa mkubwa katika biashara ya nje ya Bulgartabac, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1947, wakati biashara binafsi ya tumbaku ilipotaifishwa. Nchi yenye watu wasiofika milioni 9 ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa sigara duniani, na mteja mkuu alikuwa Umoja wa Kisovieti.

"Moscow hawakusumbua kwa bei," aliniambia huku akimenya pichi. "Waliuliza tu mabehewa mangapi."

Wenzake waliomba kibali cha kusafiri mpaka wakakata tamaa. Yeye sanduku lake lilikaa mlangoni, limefungwa tayari. Alikwenda hata kwa mabepari, maana sigara ya Kimarekani nayo huchanganywa na majani ya aina ya Mashariki, tumbaku ya majani madogo kama ya Bulgaria. Akirudi, mkewe alisubiri soksi za nailoni na ofisi ilisubiri ripoti: umekula na nani, amesema nini. "Ripoti ilinichosha kuliko safari," alisema.

Jioni tulipita kwenye maghala. Hapo Plovdiv, Mei 1953, miezi miwili tu baada ya Stalin kufa, wafanyakazi wa tumbaku waligoma, na serikali iliyojiita ya wafanyakazi ikawafyatulia risasi. Nilimuuliza habari hizo. Akasema alikuwa mtoto. Nikamuuliza kuhusu watu wa milimani, wakulima wenyewe. Akasema tuwahi, chakula kitapoa.

Basi nikaenda mwenyewe. Barabara ya Kardzhali inapanda milima ya Rhodope kwa kona zisizoisha, na tumbo langu halikufurahi. Mbele kidogo ni Dzhebel, mji uliozipa jina tumbaku bora za huko. Jina hilo ni lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "jabali". Na kweli, shamba ni mawe matupu.

Nilimkuta bibi mmoja kivulini akitunga majani kwa sindano ndefu bapa, moja moja. Jani lenyewe halizidi kiganja. La Urambo lingemfunika mtoto mchanga. Alikuwa ameanza kuchuma usiku, kabla jua halijalegeza majani, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Ule weusi naujua. Mama alikuwa akiusugua kwa limau na hautoki.

Mjukuu wake alinitafsiria. Bibi ni Mturuki wa Bulgaria. Majira ya baridi ya 1984 hadi 1985 serikali iliwalazimisha Waturuki kubadili majina, naye akapewa la Kibulgaria. Kiangazi cha 1989 zaidi ya watu 300,000 walivuka kwenda Uturuki, tumbaku ikabaki shambani bila wa kuichuma. Yeye alirudi baadaye, akalidai jina lake, akaendelea kutunga.

Aliniachia jani moja kavu. Nilirudi nalo Plovdiv ndani ya daftari, nikampa mzee. Alibadilika uso. Akalisugua kwa kidole gumba na cha shahada kama wateuzi wetu, wapanga madaraja ya tumbaku kule sokoni, akalinusa kwa muda mrefu, macho amefumba.

"Dzhebel," alisema. "Shamba la juu. Nani amelichuma?"

Nikamtajia jina la bibi, lile la kuzaliwa.

Alilirudisha jani ndani ya daftari taratibu, akalifunga, akaniuliza treni yangu inaondoka saa ngapi.