Njiti wangu wa gramu 1,200
Leo mwanangu katimiza miezi mitatu, nimekaa namwangalia alivyolala machozi yananitoka tu. Alizaliwa na wiki 30, presha ilinipanda ghafla nikapelekwa opresheni usiku uleule, kuzinduka naambiwa mtoto yupo chumba cha njiti. Nilimwona siku ya pili, yani mipira kila mahali, wa puani wa hewa unatoa mapovu kwenye chupa ya maji, mwingine wa kulishia, nikaogopa hata kumgusa.

Maziwa tunakamua kila baada ya masaa matatu usiku na mchana, wamama tumejipanga na vikombe vyetu, mi siku za mwanzo natoa vitone tu nalia, nesi ananiambia mama usilie hivyohivyo vinamtosha, anavuta kwenye bomba la sindano anampa mililita 3. Mililita tatu jamani! Mara akapata manjano, akawekwa kwenye taa ya bluu siku nne.

Kilichonirudishia moyo ni kangaruu, nafungwa nae kifuani ngozi kwa ngozi na khanga, kamoyo kake nakasikia kanavyopiga. Kuna siku aliacha kupumua nikapiga kelele wodi nzima, nesi akamsugua nyayo akavuta pumzi. Sitamsahau yule nesi.

Wiki tano tumekaa mle. Saivi ana kilo tatu na nusu ananyonya mwenyewe. Dada wa kitanda cha pembeni yangu yeye hakutoka na wake, nakukumbuka kila siku mamy, na mwanao namkumbuka pia.