Kware 24 na ndoo moja ya maji

Jumamosi iliyopita nilichinja kware 24 niliowatotolesha mwenyewe hapa Mikindani, na kwa mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyechanika ngozi.

Walikuwa na wiki 7, karibu wote madume. Kware hawa wenye asili ya Kijapani hukomaa upesi, kiasi kwamba jike huanza kutaga akiwa na wiki 6 hivi, na dume asiyehitajika kwa uzazi huendelea kula bure na kuwadonoa wenzake. Dume hutambulika kwa kifua chenye rangi ya kutu kisicho na madoa. Jike ana madoadoa meusi. (Jirani yangu, mzee wa Newala, anakataa kabisa kuwaita kware, kwani kwale anayemjua yeye ni ndege mkubwa wa vichakani, hawa wangu anawaita vifaranga.)

Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwaondolea chakula nikawaachia maji tu, maana gole (kifuko cha chakula kooni) lililojaa likipasuka huchafua nyama. Nilianza mara baada ya sala ya alfajiri, kabla jua na nzi hawajachachamaa. Shingo ya kware ni nyembamba kama kidole cha mtoto, hivyo kisu kiwe kidogo na kikali. Nilimsomea kila mmoja Bismillahi, nikasubiri damu iishe na ndege atulie kabisa ndipo nimtie majini.

Kwenye maji ndipo nilipokuwa nikiharibu. Zamani nilitumia maji yanayotokota, kama tunavyozoea kwa kuku wa kienyeji, na ngozi ikawa inabanduka pamoja na manyoya. Maji yanayofaa ni ya nyuzijoto 53 hadi 55 hivi. Kwa kuwa sina kipimajoto, nilichanganya makopo 2 ya maji yanayochemka na 3 ya bombani, ambayo huku kwetu hayana ubaridi wa kutajika, nikamtumbukiza ndege na kumtikisa hadi unyoya mrefu wa bawa ukatoka bila kuvutwa kwa nguvu. Mwenye haraka anaweza kumchuna ngozi na manyoya yake kwa pamoja, lakini shangazi yangu haitambui nyama hiyo kwenye mchuzi wa nazi.

Kupasua ni kazi ya mkasi: nilikata pande zote mbili za uti wa mgongo, nikamkunjua, nikatoa matumbo kwa kidole, nikabakiza firigisi na ini. Nyongo moja ilinipasukia, ini lile nikalitupa. Nyama niliiloweka kwenye maji ya barafu, kisha ikalala kwenye friji, kwa sababu nyama iliyotoka kuchinjwa hukakamaa na haifai kuingia chunguni papo hapo.

Wote 24 walitoa kilo 3 kasoro kidogo. Jumapili shangazi alipika 6, akala kimya, kisha akauliza majike waliobaki bandani wataacha lini kutaga.