Matone ya epoksi

Nyuzi kumi na mbili zilikatika mchana ule, moja baada ya nyingine, na kila ilipokatika nilifurahi. Kwenye daftari niliandika: mshiko imara.

Nilikuwa mwanafunzi, kazi yangu kupima jinsi epoksi, aina ya gundi inayogeuka ngumu, inavyoshika uzi wa kioo. Unachukua uzi mmoja tu, wenye kipenyo cha mikromita 17, unaudondoshea epoksi, nayo inajikusanya yenyewe kuwa tone mviringo. Likishakuwa gumu, tone linazuiwa na nyembe mbili huku uzi ukivutwa. Nguvu inayolibandua unaigawa kwa eneo ambalo epoksi imegusana na uzi, ukapata mshiko kwa megapaskali. Mimi niliona kwamba uzi ukikatika kabla tone halijabanduka, basi epoksi imeshinda.

Msimamizi wangu alizitazama zile grafu kwa muda mrefu.

“Matone yako yana urefu gani?”

“Kama milimita 0.3, Mwalimu.”

“Basi umepima uzi, mwanangu. Mshiko bado hujaugusa.”

Akachukua kalamu. Uzi kama ule ukibeba megapaskali 2000, unakatika kwenye nyutoni 0.45 hivi. Mshiko wa megapaskali 40 kwenye tone la milimita 0.3 unadai zaidi ya nyutoni 0.6. Uzi usingefika huko kamwe. Nilihisi uso ukiniwaka moto.

Jioni nikaanza upya, nikidondosha kwa ncha ya waya mwembamba, nikilenga milimita 0.1. Tone likiwa dogo kupita kiasi nalo lina hatari yake, kwani kigumishi, kile kinachochanganywa na epoksi ili iwe ngumu, huweza kugeuka mvuke kabla hakijamaliza kazi, epoksi ikabaki laini. Kwa hiyo nililikagua kila tone kwa hadubini, nikayatupa mengi.

Tone la kwanza kubanduka nalikumbuka hadi leo. Nguvu ilipanda taratibu hadi nyutoni 0.2, ikaporomoka ghafla, lakini haikufika sifuri: tone lilikuwa linateleza juu ya uzi, likikwaruzana nao. Chini ya hadubini niliona kipete chembamba cha epoksi kimebaki pale tone lilipoanzia, kisha uzi mtupu, safi, unang'aa. Megapaskali 37.

Sikukimbilia tone la pili. Nilifungua daftari, nikafuta “mshiko imara” mara kumi na mbili, na kila mahali nikaandika: uzi umekatika.