Nilivyoichora Vita vya Maji Maji kwa ajili ya watoto

Kitabu cha kiada kikishaandika "wananchi walilazimishwa kulima pamba" kinaendelea na safari yake. Mchoraji hana ujanja huo. Walilazimishwa na nani, amevaa nini, mkononi kashika nini? Nafundisha historia shule ya msingi, na katuni hii niliianza kwa kutafuta majibu hayo kabla ya kushika penseli.

Vitu vidogo ndivyo vilivyonisaidia zaidi. Askari wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, mbele ina nembo ya tai. Rupia ya enzi hizo ina sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili, naye kavaa kofia yenye tai juu. Kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3, kwa hiyo nikaichora sarafu ikajaa ukurasa mzima na pembeni yake mtu anamswaga mbuzi wake kwenda kumuuza. Maelezo yote ya kodi niliyokuwa nimeandika nikayafuta.

Kazi ngumu ilikuwa maneno ya wahusika. Mkulima wa Nandete alipong'oa mche wa pamba Julai 1905, tendo lililoanzisha vita, hakukuwa na mtu wa kuandika alichosema, na mtoto wa darasa la sita huamini kila kilichochapishwa. Nikaweka utaratibu: picha yenye ushahidi naizungushia mstari mzito, niliyoibuni naizungushia nukta nukta. Katika ushahidi nimehesabu pia masimulizi ya wazee yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam.

Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, nusura auvuruge utaratibu huo. Wazee wanasimulia kwamba alichukuliwa na mzimu Hongo, akazama majini ndugu zake wakiona, kesho yake akatoka na nguo kavu. Hapo uweke mstari gani? Nikasimama na wale ndugu ukingoni. Wanaona maji tu, giza linaingia, kunakucha, huyo anatoka. Chini ya maji sikuingia, na mstari nikauweka mzito, maana hivyo ndivyo walivyosimulia na kwa imani hiyo watu walimiminika Ngarambe kuchukua dawa yake, maji waliyoamini yatawakinga na risasi.

Kunyongwa kwake Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905, nimeonyesha kwa nyuso za watazamaji, kamba haionekani. Njaa lakini nilikataa kuipunguza makali. Wajerumani walichoma vijiji na vihenge vya nafaka, na kati ya waliokufa, wanaokadiriwa kuwa 75,000 hadi 300,000, wengi walimalizwa na njaa na maradhi. Kwa hiyo kihenge kimepata kurasa nyingi kuliko bunduki. Mwalimu mwenzangu alinionya kwamba watoto watachoka bila mapigano. Wapi! Kurasa hizo ndizo zilizochakaa kwa kufunuliwa.

Kisha wanafunzi wakaanza kubishana na nukta zangu. Wakasema kama maneno ni ya kubuni, hata wao wanaweza. Nikawatolea nakala za ukurasa wa Nandete zenye viputo vitupu, wajaze wenyewe. Wengi waliandika matusi kwa akida, yule msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Mmoja akamwandikia yule mkulima maneno mawili: "Pamba hailiki." Yamekwisha kuchukua nafasi ya yangu, ndani ya nukta zilezile.