Picha Niliyoifuta Mbele ya Mwenyewe

Juzi binti yangu alikuwa akipunguza picha kwenye simu yake, imejaa hata ujumbe wa sauti haiingizi. Akaniuliza bila kuinua uso, "Mama, picha ukiifuta huwa yaenda wapi?" Nikamjibu vile simu yenyewe inavyosema: inakaa kwenye taka siku 30, kisha inaondoka. Yeye akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu ya yaliyonipata Mei 2024.

Mnakijua chumba changu cha hina, Kibokoni, Mombasa, na mnalijua sharti lake: mwanamume havuki pazia. Wanawake wakiingia humo huvua buibui, hufungua nywele, hujitanda leso wakakaa raha. Siku hiyo alikuja mteja na wifi yake kuchagua maua. Usiku wake simu ilikuwa imeomba kusasishwa, nikaikubalia, asubuhi ikawaka salama. Nikampa mteja atazame kazi zangu, kama ninavyowapa wote, nami nikaendelea kujaza hina kwenye koni.

"Haya mazuri," akasema. Akanyamaza kidogo. "Dada, huyu si bibi harusi wa wale wa Kuze?"

Akanigeuzia simu. Alikuwa yeye. Amekaa mkekani ametupa mgongo, leso imeshuka, nywele amezibana juu kwa kibanio cha manjano. Maua yalianzia kiganjani, yakapanda mkono, yakapita kiwiko hadi begani. Na pale begani, piko, ile rangi nyeusi ya maua, ilipoishia, ile alama ya kuungua aliyoniambia haijaonwa na mtu asiyekuwa wa nyumbani kwao. Mteja alikuwa ameshaikuza kwa vidole viwili, imejaa kioo kizima.

"Aliungua na nini masikini?"

Nilimchukulia simu mkononi. Hakuwa na ubaya yule mama, aliuliza kwa huruma kabisa. Lakini nilihisi nimevuliwa mimi. Wifi yake naye alikuwa ameshainama kutazama. Nikawapa kitabu cha maua ya kuchapishwa, nikawapaka, wakaenda zao. Sikumbuki hata walichagua nini.

Picha ile niliipiga miaka mingi kabla, kwa simu nyingine kabisa. Mwenyewe ndiye aliyesema, "Hiyo ya mgongo nifutie, dada." Tukakaa bega kwa bega, nikaifuta, nikaingia kwenye taka nikaifuta na kule, akaona kwa macho yake. Ya mikono akaniachia kwa hiari. Sasa ya mgongo ilikuwa imejipanga mwisho wa albamu, chini ya kazi za wiki ile, kana kwamba nimeipiga jana.

Usiku nikasoma. Kumbe sikuwa peke yangu: watu wa nchi mbalimbali waliona picha walizozifuta zimerudi baada ya sasisho lile, nyingine za tangu 2010. Wiki moja baadaye Apple, kampuni iliyotengeneza simu, ikatoa sasisho jingine la kurekebisha, ikaeleza kuwa hifadhidata ya picha, yaani daftari la simu la kuorodhesha picha zake, ilikuwa imeharibika, na kwamba ni jambo la nadra. Kisha ikafafanua kuwa picha hazikutoka kwenye seva zake, zilikuwa zimebaki ndani ya simu, na zaweza kumfuata mtu anapohamishia vitu vyake kwenye simu mpya. Wataalamu wa usalama walioichambua programu wakakuta kipande kilichokuwa kikipekua faili zilizobaki na kuzirudisha kwenye albamu. Sasisho la pili lilikiondoa.

Nimeelewa hivi: simu ikifuta, kwanza hufuta jina kwenye daftari la mtaa, mwenye jina bado yumo nyumbani mwake. Kwa kawaida nyumba hiyo huja kupewa mwingine na habari ikaisha. Daftari likivurugika, mtu anaweza kukaa humo miaka bila yeyote kujua, hadi siku mlango unapogongwa.

Nadra! Neno hilo lilinikera na linanikera mpaka leo. Kwa mwenye bega lile, limetokea.

Kumwambia au kutomwambia, hilo ndilo lililoniweka macho. Mamangu alisema nisimuamshe aliyelala, nifute ninyamaze. Huenda alikuwa na hekima yake. Lakini mwili wa mtu uliowekwa kwangu ni amana, na aliyeona ni jirani wa jirani yake. Asubuhi nikampigia. Nikamweleza yote, ya sasisho, ya daftari, ya kampuni. Alisikiliza kimya, kisha akauliza swali moja tu.

"Ameona nani?"

Nikamtajia. Akashusha pumzi. Hakugomba, na afadhali angegomba. Jioni nikaenda kwake na ile simu, nikamwonyesha picha, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikaifuta. Nikaingia kwenye taka, nikaifuta na kule. Nikamwambia sheria ya Kenya ya ulinzi wa data, ile ya 2019, inampa mtu haki ya kudai habari zake zifutwe, na kama anataka tulalamike, tutalalamika pamoja, nitatoa ushahidi.

"Sina neno nawe, dada," akasema. "Lakini na ile mara ya kwanza uliifuta mbele yangu."

Sikuwa na la kujibu. Yule mteja nilimwomba astahi, akaniahidi, na sijasikia lolote mtaani. Hilo halinipi uhakika wa kitu.

Tangu hapo simu yangu haipigi mtu humu chumbani. Bibi harusi akitaka kumbukumbu, anapiga kwa simu yake mwenyewe, na akipenda ananitumia ya viganja peke yake. Albamu yangu imekonda, na wateja wageni hulalamika kwamba hawaoni maua yanavyokaa begani. Nawachorea kwenye karatasi.

Mwaka jana mdogo wake yule wa Kuze aliolewa. Nilialikwa kupaka hina, nikaenda. Mlangoni kulikuwa na kapu la simu, na mwenye kulishika alikuwa yeye mwenyewe.